Ukungu umemeza ukuta wa mama

Naam wadau, lile swali limerudi tena. Mtu akiniona tu na kamera shingoni anataka kujua anunue lenzi gani, na kabla sijafungua mdomo anaongeza mwenyewe: "Nataka ile inayotoa picha kali, halafu nyuma kunakuwa na ukungu." Jamani, ukungu ndio habari ya mjini. Harusi ukungu, mahafali ukungu, hata picha ya kitambulisho cha kazi nayo watu wanataka ukungu.

Mimi ninazo lenzi mbili tu, kwa hiyo nitalinganisha hizo ninazozijua. Ya kwanza ni 18-55 iliyokuja na kamera, ile ambayo wapigapicha wa harusi huicheka. Ya pili ni Canon ya 50mm f/1.8, toleo lililotoka mwaka 2015, niliyoipata kwa laki tatu na ushee baada ya miezi kadhaa ya kula mihogo mchana. (Mshahara wa ripota mnaujua, tuendelee.)

Tuanze na ukali, maana hapo ndipo watu wanapogombana hadi usiku wa manane. Ile ya 50 ukiifungua yote, f/1.8, inakuwa laini kidogo, hasa kwenye kona za picha. Ibane hadi f/5.6 inakata kama wembe. Sasa ibane 18-55 hadi f/8, halafu weka picha mbili hizo pembeni kwa pembeni: utakodoa macho weee kabla hujaiona tofauti. Ukizidi kubana, f/16 na kuendelea, zote mbili zinaanza kulegea, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika. Hayo ni maumbile, hata lenzi ya mamilioni hayakwepi.

Lakini kwa sisi wa magazeti kuna hesabu moja inayochekesha. Picha ya upana wa sentimita 15 ni picha kubwa tu gazetini. Ichape kwa nukta 200 kwa inchi, unahitaji kama pikseli 1,200 kwa upana. Kamera yangu inatoa 6,000! Halafu karatasi yenyewe inanyonya wino. Ukali wote ule tunaougombania unafia mtamboni.

Ukungu, huo haufii. Ukungu unaonekana hata kwenye gazeti lililofungia maandazi. Na hapa 18-55 haioni ndani. Ikivutwa hadi mwisho, 55mm kwa f/5.6, tundu lake lina upana wa kama milimita 10. Lile la 50 kwa f/1.8 linakaribia milimita 28, na tundu linapokuwa pana ndivyo vitu vya nyuma vinavyoyeyuka. Wajapani huita uzuri wa ukungu huo boke. Mwaka 1997 mhariri mmoja wa jarida la upigaji picha Marekani, Mike Johnston, aliamua kuongeza herufi h mwishoni ili wasomaji wake wa Kiingereza wasilitamke vibaya. Sisi hatuihitaji hiyo h, boke tunaitamka bila shida.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Masika ya 2024 nilikwenda bonde la Msimbazi baada ya maji kupungua. Nilimkuta mama mmoja anatoa matope ndani kwa beleshi. Shikamoo, marahaba, akakubali nimpige picha mbele ya nyumba yake. Nikampiga na 50 ikiwa wazi yote, mita mbili kutoka alipo. Kwa umbali huo sehemu iliyo kwenye fokasi ni kama sentimita 11 tu: macho, pua, basi. Picha ilitoka tamu mno. Akaiangalia kwenye kioo cha kamera, akaniambia, "Mwanangu, ukuta uko wapi? Piga ukuta uonekane, wasije wakasema tumetunga."

Nyuma yake, mita moja na nusu hivi, ukuta ulikuwa na mstari wa matope usawa wa kifua. Kwenye picha yangu mstari ule ulikuwa rangi ya kahawia isiyo na mwanzo wala mwisho. Nikabadilisha lenzi, 18-55 ikiwa kwenye 24mm, f/8. Hapo kila kitu kuanzia mita 1.3 hadi zaidi ya mita nne kiko kwenye fokasi: mama, beleshi, mstari, godoro juu ya bati. Picha haikuwa na mvuto wa ile ya kwanza, lakini ukuta ulikuwepo.

Nikatuma zote mbili. Mhariri akachagua ya ukungu. "Dogo, hii kali! Mama ametoka." Ikachapwa. Siku mbili baadaye ofisa mmoja akasema maji yalipita barabarani tu, hayakuingia kwenye nyumba za watu. Simu ikaita: "Dogo, ile nyingine bado unayo?"

Ninayo, bosi.

Tangu siku hiyo kuna jambo linanitatiza. Januari 2014 shirika la habari la AP lilivunja uhusiano na Narciso Contreras, mpigapicha aliyekuwa kwenye kikosi kilichoshinda Pulitzer mwaka 2013 kwa picha za Syria. Kosa lake ni kuifuta kwa kompyuta kamera ya video ya mwenzake iliyoonekana pembeni mwa picha. Kamera tu! Na hata kufifisha nyuma ya picha kwa kompyuta AP hawaruhusu. Ila ukiufuta ukuta mzima kwa kioo cha f/1.8, unapongezwa. Najua, lenzi imeona ilivyoona, hakuna aliyedanganya. Lakini mama wa Msimbazi aliiona tofauti hiyo haraka kuliko chumba chetu cha habari.

Simu ndizo zimevuruga kabisa. Tangu iPhone 7 Plus ilipoleta ukungu wa kukokotolewa mwaka 2016, programu ndiyo inayoamua nani abaki na nani afifie, na mara nyingine inakata hata ukingo wa ushungi wa mtu. Huo siutumi gazetini, hata bosi akasirike.

Kwa hiyo mnaouliza mnunue ipi: kama ni harusi, chukueni 50, mtaifurahia. Mimi nikitoka kwenda kazini siku hizi, iliyofungwa kwenye kamera ni 18-55. Ile nyingine iko kwenye begi, na huwa naitoa nikishapiga ukuta.