Wimbo wa Taifa Uliogeuza Somo Letu

Darasa letu la muziki hapa Itumba hukutana Jumamosi jioni, watu wakishatoka shambani na sokoni. Wanaokuja ni wanakwaya, vijana wapiga gitaa, na wasichana wachache waliomaliza kidato cha nne. Kwa miaka mingi niliwafundisha historia ya muziki wa dunia kwa mpangilio niliopewa mimi chuoni: Bach, aliyezaliwa 1685, kisha Mozart, kisha Beethoven na simfoni yake ya tisa ya mwaka 1824. Waliandika yote madaftarini kwa utiifu. Muziki huo naupenda hadi leo.

Januari 2024 Taifa Stars walicheza na Zambia kwenye AFCON huko San Pedro, Ivory Coast, wakatoka sare ya 1–1. Vibandaumiza vilijaa. Jumamosi iliyofuata kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona Wazambia wanaimba wimbo wetu?" Mwenzake akadakia kwamba huenda sisi ndio tunaoimba wa kwao. Wilaya yetu ya Ileje inapakana na Malawi, na ukifika Tunduma unavuka tu kuingia Nakonde, Zambia. Ubishi wa namna hiyo huku hauishi upesi.

Tukaufuata wimbo wenyewe. Aliyeutunga, mwaka 1897, ni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Tanganyika ikaufanya wake mwaka 1961 kwa maneno ya Kiswahili, na Zambia nayo ikauwekea maneno yake. Sontonga aliandika kwa solfa, do-re-mi zile zile wanazosoma wanakwaya wetu kila wiki. Basi na solfa nayo ilitoka wapi? Ilitoka Uingereza, kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kisha katika karne ya 19 mchungaji John Curwen akaieneza ili hata maskini asiye na kinanda aweze kusoma wimbo. Wamisionari wakaibeba kuja Afrika. Siku hiyo sikumaliza somo, maana wanakwaya walikuwa na maswali kuliko muda tuliokuwa nao.

Nikamwomba mzee jirani yangu aje. Ujanani alikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodini, kabla serikali ya Tanganyika haijasimamisha uandikishaji wa vibarua hao baada ya uhuru. Vijana walimwamkia, "Shikamoo, babu," wakakaa chini. Akasema wimbo ule aliusikia kwanza kampaundi, kwenye mabweni ya wachimbaji, ukiimbwa na watu wa mataifa mengi. Akaeleza pia filimbi za kwela zilizopigwa mitaani Johannesburg, ambazo wenzake Wamalawi walirudi nazo kwao. Nilikuwa nimeishi jirani naye miaka yote hiyo.

Kutoka hapo tukageukia malipenga ya Malawi kaskazini, ngoma ambayo upande wetu wa Ziwa Nyasa inaitwa mganda. Vijana wengi walidhani ni ya tangu enzi za mababu. Kumbe mizizi yake imo katika beni, ngoma ya bendi iliyoanza mwambao wa Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikasambaa bara pamoja na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Wachezaji wanapanga safu na kupiga kwata, na kwa kukosa matarumbeta wakatengeneza vibuyu vyenye utando wa buibui vinavyovuma mtu anapoimbia ndani. Huo ni ubunifu wa hali ya juu, na ninaufundisha kwa heshima ile ile ninayompa Bach.

Sasa mwaka wa masomo unaanza na wimbo wa taifa, unapita Johannesburg, Norwich na Lamu, na Bach anafika mwezi wa tatu. Akifika wanamsikiliza vizuri zaidi, kwa kuwa wameshajua kwamba muziki wa kila mahali umebebwa na watu kutoka mahali fulani.

Wazee wa Wenela wamebaki wachache. Kama yupo mmoja kwenu, mkalishe wiki hii, washa simu urekodi, umwombe aimbe.