HABBAT SODA, KISUKARI NA AMANA YA MACHO



Ndugu yangu mwenye kisukari, na wewe mwenye mzazi mwenye kisukari, soma hadi mwisho.

Naulizwa sana: "Sheikh, nimeambiwa habbat soda inalinda macho yasiharibiwe na sukari. Niache vidonge?"

Usiache. Hadithi ya habbat soda ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na hatuna shaka nayo. Lakini wanazuoni waliifafanua. Imam al-Khattabi alieleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahususi. Basi anayeitaja hadithi hiyo ili auze chupa ileile kwa kila mgonjwa, anambebesha Mtume (s.a.w) biashara yake. Muogope Allah!

Ni kweli kwamba habbat soda, manjano na uwatu vimejaribiwa kwa panya wa maabara waliotiwa kisukari, na katika baadhi ya majaribio macho yao yalipata madhara madogo zaidi. Hayo ni matumaini. Lakini panya si mwanadamu, na kipimo cha maabara si kijiko cha dukani.

Wala usidhani madaktari wanaichukia mimea. Metformin unayoimeza ina asili katika mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Kiini chake kilishusha sukari, ila kilikuwa na sumu. Wataalamu wakatengeneza kinachokaribiana nacho, kilicho salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Mmea ni wa Allah, na akili ya kuupima ni ya Allah.

Sasa lijue jicho lako. Sukari ikizidi kwa miaka, mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho huvuja na kuziba. Haiumi. Leo unasoma mus-haf vizuri, kumbe ndani kunaharibika. Herufi zikianza kuwa na ukungu, mara nyingi maradhi yameshakwenda mbali.

Msikitini kwetu yupo mzee aliyekuwa akisoma juzuu moja kila alfajiri. Aliacha kliniki, akashika chupa. Leo anashikwa mkono hadi safu ya mbele, na Qur'ani anasomewa na mjukuu wake.

Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliotangazwa mwaka 1993, uliwafuatilia wagonjwa 1,441 wanaotumia insulini. Wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, wakaidhibiti sukari barabara, hatari yao ya kupata maradhi haya ilipungua kwa asilimia 76. Hiyo ndiyo kinga iliyothibiti kwa wanadamu.

Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kuwa Sa'd bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (s.a.w) alimwelekeza kwa tabibu, al-Harith bin Kalada, ampe dawa ya tende za ajwa. Tende zilikuwepo Madina, na bado akatumwa kwa mwenye ujuzi. Mmea na tabibu havigombani.

Basi fanya haya:

1. Meza dawa zako, upime sukari na presha.
2. Kila mwaka nenda ukatiwe dawa ya kupanua mboni, daktari atazame nyuma ya jicho, hata kama unaona vizuri.
3. Ukitumia habbat soda, mwambie daktari. Ikichanganyika na dawa, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Jicho ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Allah atuhifadhie macho yetu tuyatumie katika kumtii. Aamin. Mfikishie na mwenzio.