Katonga: ufukwe tuliowakataza watoto wetu

Sisi watu wa Ujiji tumezaliwa kando ya maji, lakini walio wengi miongoni mwetu hawajui kuogelea. Tunakula dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, tunalala tukisikia mawimbi yake wakati wa kusi, na mgeni akija tunamwonyesha ziwa kwa fahari. Hata hivyo, ukiwaondoa wavuvi, mabaharia na mafundi wa maboti, ni wachache wanaothubutu kuingia maji yanayofika kifuani. Kwa akina mama na mabinti zetu, maji ya magotini ndiyo mwisho.

Mwaka jana, msimu wa kusi, tuliswalia jeneza la mwanafunzi wa madrasa yetu aliyekuwa na umri wa miaka 13. Alitoka darasani baada ya Adhuhuri, akaenda ziwani kwa siri pamoja na wenzake, asirudi. Juma lililofuata kamati ya msikiti ilikaa, na pendekezo la kwanza lilikuwa kutangaza upya marufuku: mtoto wa madrasa asionekane ufukweni. Ndipo akina mama walipotuletea maneno ya mama wa marehemu. Alisema, "Ziwa tulimkataza sote, na mimi nikiwamo. Wa kumfundisha hakuwapo." Tuliyaandika maneno hayo katika muhtasari wa kikao kama yalivyo, wala hatukupata la kuyajibu.

Baada ya vikao vitatu ilikubaliwa kwamba familia zifunge safari ya siku moja kwenda Katonga. Msomaji asiyeijua Kigoma atauliza: kwa nini Katonga, na Ujiji ina ufukwe wake? Ufukwe wa Ujiji ni mahali pa kazi. Pale maboti ya mbao huundwa na kuzibwa nyufa, dagaa huanikwa, na watu hupita tangu Alfajiri hadi usiku. Hapana faragha ya mwanamke wala utulivu wa kumfundisha mtoto.

Katonga ilikuwa na tatizo jingine. Mbele ya kijiji hicho cha wavuvi, kusini mwa mji wa Kigoma, vilima vya mawe hushuka hadi majini na kuacha ghuba ndogo ndogo zenye mchanga. Ufukwe mmoja huko unajulikana kwa jina la Jakobsen, nao una nyumba za wageni na uwanja wa mahema. Katika fukwe hizi hufika vijana wa Kizungu wenye mabegi mgongoni, wanaoizunguka Afrika kwa miezi bila ratiba. Hupiga mahema, huota jua nusu uchi, na usiku hucheza gitaa kando ya moto. Vijana wa mjini nao huwafuata. Katika darsa zetu, Katonga ilikuwa jina la kuonyea. Mzee mmoja wa kamati alisema waziwazi kwamba ufukwe ni wa wahuni, na kwamba yeye angekuja kwa sababu moja tu: kutulinda.

Tuliondoka Jumamosi moja ya Februari, msimu ambao kusi haijaanza, katika mabasi madogo mawili. Tulipita Mwanga na Kigoma mjini, tukashika njia ya Bangwe. Baada ya Katonga njia ni ya vumbi, inapanda na kushuka kati ya miti ya miombo, na ziwa huonekana na kupotea. Tulipofika kileleni mwa kilima cha mwisho watoto walinyamaza. Chini yetu palikuwa na ghuba yenye mchanga mweupe, majabali pande zote mbili, na maji maangavu kiasi kwamba mawe ya chini yalihesabika. Karibu na majabali samaki wadogo wa rangi ya manjano na buluu walizunguka bila hofu. Upande wa pili, kwa mbali, milima ya Kongo ilikuwa kama wingu lililolala.

Katika Surat Fatir, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametaja bahari mbili, moja tamu na nyingine ya chumvi, na neema zitokazo katika zote mbili. Aya hiyo tumeisomesha kwa miaka, na watoto wameihifadhi. Siku hiyo maalim wao aliwaambia wachote maji kwa viganja na kuyaonja.

Kabla ya kuogelea palitolewa darsa fupi juu ya ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670, na pale lilipo na kina kirefu zaidi linafika mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Mtoto mmoja aliuliza maji yote haya yanakwenda wapi. Jibu liliwashangaza hata wazazi. Hutoka kwa Mto Lukuga, upande wa Kongo, yakaingia Lualaba, kisha Mto Kongo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa Afrika.

Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na ziwa lilikuwa juu kuliko leo. Katika miaka ya 1870 ulizibuka, maji yakashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana mnara wa Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, leo uko mbali na ufukwe. Na katika miaka hii ya karibuni ziwa limepanda tena, likaingia katika majumba ya watu.

Nchi ile ya Lualaba ndiko walikotoka wazee wa wengi wetu tunaoitwa Wamanyema. Baadhi walivuka kwa hiari, wakifuata biashara na dini. Wengi walivuka wakiwa wapagazi wa pembe za ndovu au watumwa, na Ujiji kwao ilikuwa mwanzo wa njia ndefu ya kwenda Bagamoyo. Huenda ndiyo sababu hatukurithi kutoka kwao mazoea ya kucheza ufukweni. Kwao ufukwe ulikuwa mahali pa mizigo na kuagana.

Katika ghuba ile tulikuta mahema mawili ya wageni na kijana wa Kitanzania mwenye nywele ndefu za kusokota, aliyekuwa akiwapikia. Mzee wetu alikunja uso. Kijana akaja moja kwa moja kwa maalim, akainama, akasema, "Shikamoo, Maalim. Hunikumbuki?"

Maalim akaitika marahaba, lakini hakumkumbuka.

"Nilikuwa nasoma Juzuu Amma kwako. Ulinirudisha nyumbani nikanyoe. Sikurudi tena." Alisema hayo bila kulaumu, kisha akageukia maji. "Watoto wasipite jabali lile. Ukitoka pale hatua tano, chini panakatika ghafla. Hapana pa kusimama."

Hakuna hata mmoja katika kamati aliyekuwa akilijua jambo hilo, nasi tulikuwa tumeleta watoto 34. Kijana alizungumza na wageni wake. Wakavaa mashati na kuhamishia mahema mwisho wa ghuba. Kisha akafunga madumu matupu kwa kamba, akaweka mpaka majini, akasimama penye mpaka huo hadi jioni. Wavulana walifundishwa kulala chali juu ya maji kabla ya kufundishwa kupiga mikono. Nyuma ya majabali, mahali pasipoonekana, mwalimu wa kike kutoka mjini aliwafundisha mabinti na mama zao wakiwa na nguo zao za stara. Tulikuwa tukisikia vicheko tu, na kwa baadhi yetu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wake zetu wakicheka namna hiyo.

Alasiri tulipanga safu mchangani, ziwa likiwa kushoto kwetu. Watoto watatu wadogo walikuwa bado majini na hawakutaka kutoka. Kijana alibaki nao. Hatukumwuliza habari ya swala yake siku ile. Maalim alipotoa salamu alikwenda akasimama ukingoni, wakazungumza kwa muda mrefu, na hatukuwafuata.

Mama wa marehemu alikuwa nasi. Kutwa nzima alikaa kwenye mkeka, akimenya muhogo na kugawa chakula. Jua lilipokaribia milima ya Kongo alinyanyuka, akamshika mkono bintiye mdogo, akaingia majini hadi magotini na kutawadha kwa ajili ya Magharibi. Binti alimwonyesha jinsi ya kujilaza juu ya maji. Mama akamwekea kiganja chini ya mgongo, akamshikilia.

Kikao kilichofuata kimeamua kwamba mafunzo yaendelee kila mwezi nje ya msimu wa kusi, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na yule kijana alipwe ujira wa mwalimu. Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu nywele zake. Mwenyekiti alisema shauri hilo lisubiri, na imeandikwa hivyo.

Tunawanasihi wazazi walio kando ya maji, iwe ni ziwa, mto au bahari: mtoto atakwenda. Nendeni naye. Mwenyezi Mungu amrehemu kijana wetu, awape subira wazazi wake, na atughufirie sisi tuliochelewa. Amin.