Bustani ndani ya kioo, bila kungojea umeme

Tangu picha ya sanduku langu la samaki ianze kuzunguka kwenye WhatsApp ya mtaa, swali linalorudi ni moja: «Papa Redio, umeme wa kuliendesha unautoa wapi?» Jibu ni fupi. Siutumii.

Ulaya, mtu anayetaka kufuga samaki nyumbani hununua kwanza kifaa cha kupasha maji, taa, pampu ya hewa na chujio. Sisi wa Kisangani tuko karibu kabisa na ikweta. Joto letu ni kama nyuzi 25 mwaka mzima, na jua linatupa saa 12 za mwanga kila siku. Kwa hiyo kifaa cha kupasha na taa Mungu ameshavilipa. Kinachobaki ni pampu na chujio, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu umeme wa bwawa la Tshopo mnaujua wenyewe, hasa ninyi wa Mangobo na Kabondo. Samaki wengi wakitegemea pampu, na umeme ukatike saa mbili usiku, asubuhi utawakuta wanaelea.

Dawa yake ni majani. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha nitrati, ambayo si kali sana. Mimea huila nitrati hiyo, na amonia yenyewe huila hata kabla bakteria hawajaifikia. Mchana mimea inatoa oksijeni bure. Mama mmoja wa Marekani, Diana Walstad, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1999: udongo wa kawaida chini, mchanga juu yake, mimea mingi, samaki wachache, na dirisha. Niliposoma habari zake nilifikiri, huyu mama ni kama aliandikia Kisangani.

Sanduku langu lina sentimita 60 kwa 30, na kimo 35, yaani lita 63 likijaa hadi juu. Fundi wa vioo wa Makiso alikata vipande, nami nikavipakia kwenye toleka, vimefungwa ndani ya blanketi, na dereva akaendesha baiskeli polepole kuliko anavyobeba mama mjamzito. Vipande nilivigandisha nyumbani kwa silikoni. Angalieni hapa: msichukue ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, inaua samaki. Ikishapakwa, iacheni siku kadhaa mpaka ile harufu ya siki iishe.

Chini niliweka udongo wa shamba usio na mbolea, sentimita 3, na juu yake mchanga wa mto, sentimita 3 tena, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Mchanga ndio unaozuia udongo usipande na kuchafua maji yote. Maji ni ya mvua. Ukitumia ya bomba, yaache wazi ndani ya bidoni siku moja klorini itoke.

Mimea ndiyo iliyonishangaza. Lile jimbi la kijani kizito linaloshika mawe ya vijito vya msituni, wataalamu wanaliita Bolbitis heudelotii, na huko Ulaya linauzwa dukani, kipande kidogo kwa bei ya euro. Mzee Mwagenia aliyenipeleka kwa pirogi kulichukua alicheka sana. «Mwanangu, haya ndiyo yanayotuangusha tukikanyaga mawe. Utayapika?» Hayapikwi, na shina lake halifukiwi, litaoza. Unalifunga kwa uzi juu ya jiwe, linashika lenyewe. Pembeni niliweka Ceratophyllum, jani lisilo na mizizi ambalo hukua haraka na kwa hiyo hula uchafu mwingi. Juu inaelea Pistia, ile inayofanana na saladi, ili jua la dirishani lisigeuze maji kuwa ya kijani. Kongo ya sika sikutaka hata kuiona. Ilifika kwenye mto wetu miaka ya 1950 ikitoka Amerika ya Kusini, na ukiikaribisha nyumbani itataka kitanda chako.

Nikangoja mwezi mzima bila samaki. Hapo ndipo maneno ya parseli yalipoanza. Kuna waliosema nafuga mamiwata, hao niliwaachia. Lakini jirani yangu, mama ambaye mtoto wake alikuwa ametoka tu hospitali kwa malaria, alikuja mlangoni bila kucheka. «Papa Redio, maji ya kusimama ndani ya nyumba? Unatuitia mbu.» Sikuweza kumbishia. Maji yaliyosimama bila samaki ni kitalu cha mbu, ndiyo maana mwezi ule wote nililifunika sanduku kwa chandarua. Ila chandarua hakikumtosha. Alitaka sanduku litoke.

Nilimwomba wiki moja. Nilitia samaki sita wadogo wa kijito, wa jamii ya Epiplatys, wale wanaokaa chini kidogo ya uso wa maji wakiwa na doa linalong'aa kichwani. Nikatoa chandarua. Nje, kivulini, niliweka ndoo ya maji yaleyale na majani yaleyale, bila samaki. Siku ya sita nikamwita aangalie. Ndoo ilikuwa inachezacheza kwa viluwiluwi vya mbu. Ndani ya sanduku tulitafuta kwa tochi, yeye na mimi, hatukuona hata kimoja. Kisha nikamwaga vya ndoo mle ndani. Kabla chai haijapoa, samaki walikuwa wamevimaliza, na wengine matumbo yametoka kama ya wabunge.

Sikumwambia kwamba samaki wataondoa malaria. Matairi ya zamani na madimbwi ya mvua bado yapo mtaani, na usiku sote tunalala ndani ya chandarua. Aliniuliza tu wanakula nini siku ambazo mbu hawapo. Wadudu wadogo, nikamjibu, sisimizi, na chakula kidogo sana, maana kinachobaki huoza.

Sasa kuna vitoto. Mayai yalikuwa yameshikamana na mizizi ya Pistia, na mtoto wa yule mama ndiye aliyeviona kwanza, vidogo kama sindano. Vile vinavyozaliwa sasa navihamishia kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, kwa sababu wakubwa huwala. Mama mwenyewe ana pipa la maji ya mvua la kufulia nguo, nyuma ya jikoni. Jumapili alikuja na sufuria ndogo akachukua wanne, pamoja na konzi moja ya majani.