Kutoka Lilongwe Hadi Vilima vya Dowa: Siku Tatu na Wenyeji wa Dzaleka

Likizo ya askari ni fupi na mfuko wake si mzito. Aghalabu humalizikia nyumbani, katika kuezeka upya paa la jiko na kuamua ugomvi wa mashemeji. Safari hii sisi, yaani mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka kumi na mitatu, tuliazimia kwenda kuiona Malawi. Tulishuka kwa basi kupitia Mbeya, tukavuka Mto Songwe pale Kasumulu, tukapita Karonga na Mzuzu, na jioni ya siku ya pili tukaingia Lilongwe miguu ikiwa imevimba.

Lilongwe ni mji mkuu tangu mwaka 1975, ulipochukua nafasi ya Zomba. Ni mji uliotawanyika, wenye miti mingi na nafasi kubwa baina ya mtaa na mtaa, na mitaa yenyewe huitwa kwa namba. Mgeni asidhani kwamba namba hizo zimefuatana ardhini kama vyumba vya bwenini. La hasha! Sisi tulizunguka saa nzima tukiutafuta mtaa mmoja, hadi kijana wa kabaza, ndiyo baiskeli ya abiria, alipotuonea huruma.

Mwenye watoto asikose kufika katika kituo cha wanyamapori kilichomo mjini humo humo, msituni kando ya mto. Hapo hutunzwa wanyama waliojeruhiwa au kunyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara haramu, na wanaoweza kuishi tena porini hurudishwa huko. Fisi nao wamo mjini bila ya kuletwa na mtu. Wanaishi katika mapori yaliyobaki kati ya mitaa, na usiku hutoka kutafuta riziki jalalani. Binti yetu alilala dirisha likiwa limefungwa kwa komeo na kiti juu yake.

Kuna pia kaburi la Kamuzu Banda, aliyeitawala nchi hiyo tangu uhuru wa mwaka 1964 hadi 1994, na kufariki mwaka 1997. Limejengwa kwa mawe, na nguzo zake nne ni za kanuni nne za chama chake: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Askari huyasoma maneno kama hayo na kuona kwamba yuko nyumbani. Nayakumbusha kwa sababu siku mbili baadaye niliyafikiria tena mahali pengine kabisa.

Upo vile vile mnara wa ukumbusho wa askari waliokufa vitani. Nilisimama hapo na kuvua kofia. Vijana wa Nyasaland walipigana katika King's African Rifles, na katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu ya wapagazi, walioitwa tengatenga, walibeba risasi na unga vichwani hadi ndani ya nchi yetu. Sisi tunalo jina la Kariakoo lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo hivyo. Mzigo ulikuwa mmoja.

Asubuhi ya siku ya tatu tulishika barabara ya kaskazini, tukaupita uwanja wa ndege, kisha tukaacha njia kuu kuelekea Dowa. Safari yote haikuzidi kilomita 50. Nchi hapa ni tambarare ya juu, yenye mashamba ya mahindi, karanga na tumbaku, na vilima vinavyochomoza huku na huku. Katika vilima hivyo ndimo ilimo Dzaleka.

Zamani za Kamuzu mahali hapa palikuwa gereza la wapinzani wake wa kisiasa. Katika Kichewa neno "kuleka" ni kuacha, na wenyeji hulieleza jina hilo kuwa ni kiapo cha mfungwa: nitaacha, sitarudia tena. Warundi hawahitaji kutafsiriwa sana, kwani kwao pia "reka" ni acha. Mwaka 1994, mwaka ule ule Kamuzu aliposhindwa katika uchaguzi, palifunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, na wengine kutoka Burundi, Rwanda, Ethiopia na Somalia.

Huenda msomaji akauliza, je, kambi ya wakimbizi ni mahali pa kutembelea kwa starehe? Mke wangu aliuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti ambayo mume mwenye busara haijibu haraka. Jibu nililipata kwa wenyeji wenyewe. Tangu mwaka 2014 wanafanya tamasha lao la muziki, ngoma na michezo ya kuigiza, liitwalo Tumaini, lililoanzishwa na Menes La Plume, msanii kutoka Kongo aliyekuwa mkimbizi hapo hapo. Wageni huja kwa maelfu, na wapo wanaolala katika nyumba za wakimbizi na kula chungu kimoja nao. Anayetaka kwenda wakati mwingine sharti aombe ruhusa kwanza kwa wahusika wa serikali, naye asitoe kamera kabla ya kutoa salamu.

Tulipokewa na mama mmoja wa Uvira, mjane, ambaye binti yetu alimwita shangazi kabla ya chai kupoa. "Karibuni sana," alisema, "hapa ndiyo kwetu ya sasa." Kiswahili chake cha Kongo na chetu cha pwani vilipishana kidogo mlangoni, kisha vikakaa pamoja. Humo njiani mtu husikia Kiswahili kutoka kila kibanda. Hata redio ya makazi hayo inaitwa Yetu. Nyumba ni za matofali ya udongo, zimebanana, na kati yake kuna mafundi cherehani, vinyozi, na Mhabeshi anayekaanga buni mbele yako kabla ya kukumiminia kahawa.

Kina mama wataniuliza tulikula nini. Tulikula sombe, ambayo sisi huiita kisamvu, kwa ugali. Majani hutwangwa hadi yalainike, huchemshwa kwa muda mrefu bila haraka, kisha hutiwa kitunguu na unga wa karanga, na mwishoni usipa wakavu waliooshwa kwa maji ya moto. Usipa ni samaki wadogo wa Ziwa Malawi, mama yule alisema kwamba kwao, Ziwa Tanganyika, angetia ndagala na mawese, lakini "mdomo umekwisha kuzoea."

Jioni tulipanda kilima kilicho karibu. Si kilima cha kujivunia; mtoto hukipanda bila kupumzika, nami nilipumzika mara mbili. Ila juu yake upepo ni mzuri, na mtu huona mabati ya makazi yakimeta, vijiji vya Wachewa chini ya miembe, na safu ya milima ya Dowa ikigeuka rangi ya zambarau. Anayependa kutembea kwa miguu achague miezi ya Mei hadi Agosti, kukiwa kukavu na baridi ya kuvaa sweta. Akikutana na wacheza Gule Wamkulu waliovaa vinyago, asiwafuate wala asiwapige picha. Amtafute kwanza mfumu, yaani mkuu wa kijiji.

Mzee mmoja aliyefuatana nasi, aliposikia kazi yangu, alinisimulia habari ya mwaka 2013, wakati Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipopeleka brigedi yao Kongo ya mashariki chini ya Jenerali James Mwakibolwa, na waasi wa M23 wakashindwa. "Vijana wa hapa walikwenda kwangu," alisema, "nami nikaja kwao. Tulipishana njiani." Hakuwa akilaumu. Waasi wale walirudi tena vitani mwishoni mwa 2021, na mzee hakusema zaidi.

Nilimwambia mama mwenyeji kwamba kesho twende wote Lilongwe, watoto wakaone wanyama. Alicheka. Sheria ya nchi humtaka mkimbizi akae makazini, na kutoka ni kwa kibali. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru hata wale waliokuwa na maduka yao mijini warudi Dzaleka. Mimi ni mtu wa amri, wala siwezi kuitolea hukumu sheria ya jirani anayepokea watu wengi hivi akiwa na kidogo. Lakini mwanawe wa kiume, aliyezaliwa hapo na kufikisha miaka kumi na mitano, ameuona mji huo mara moja tu, tena kwa kupelekwa hospitali.

Kijana huyo ndiye aliyetubebea mzigo asubuhi hadi kituo cha basi. Njia nzima alimhoji binti yetu juu ya fisi: ni mkubwa kiasi gani, hulia namna gani, na je, ni kweli kwamba hutembea barabarani kama mtu. Basi lilipofika alipandisha mzigo wetu juu, akampa mke wangu kifurushi cha usipa kutoka kwa mama yake, akashuka.