Siku Moja Kwihara na Ulyankulu

Ukijaliwa kufika Tabora na jamii yako wakati wa likizo, usiimalize siku nzima chini ya miembe ya mjini. Amkeni alfajiri, mfunge chakula, kisha muelekee Kwihara, mwendo wa kilomita sita hivi, kwenye tembe alimokaa Dakta Livingstone.

Ni nyumba pana ya udongo, yenye makumbusho madogo. Stanley alifikia hapo mwaka 1871. Baada ya kumpata Livingstone Ujiji walirudi pamoja; naye Stanley akashika njia ya pwani Machi 14, 1872, mzee akabaki kungoja wapagazi hadi Agosti 25. Watoto huchoka upesi na habari za mzee anayengoja wapagazi. Waambie basi kwamba Stanley alizitoboa kuta za tembe matundu ya bunduki, akapandisha na bendera ya Marekani. Watakuuliza: alikuwa akimwogopa nani?

Jibu liko Ulyankulu. Rudini barabarani, mshike njia ya kaskazini-magharibi inayopita katika misitu ya miombo. Hii ni nchi ya Mtyela Kasanda, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Mirambo, yaani maiti. Aliurithi utemi wa Uyowa, akauongeza Ulyankulu, akawakusanya ruga-ruga, na mwaka 1871 akaifunga njia ya misafara iliyokwenda Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe wakamwendea kwa vita, Stanley akiwa upande wao. Mnamo Agosti kikosi cha watu 500 chini ya Soud bin Sayd kiliuvamia mji wa Ulyankulu, kikauteka, kikaanza kurudi na pembe za ndovu na mateka. Mirambo hakuwazuia wakati wa kuingia. Aliwalaza askari wake majanini, pande zote mbili za njia, akawangoja wakirudi wameelemewa na mali. Soud aliuawa hapo. Jeshi lote likavunjika moyo, Stanley akakimbia pamoja nao huku homa imemshika. Na Agosti 22 Mirambo aliingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji.

Usitazamie mnara mrefu wala ukuta wa mawe. Utaona mashamba, nyumba na majani, na kwa maoni yangu majani hayo yafundisha kuliko sanamu: simamisha gari, waoneshe watoto jinsi mtu mzima awezavyo kupotea humo asionekane. Wala usimfanye Mirambo malaika. Naye alichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzake. Lakini yule Stanley aliyemwita jambazi ndiye aliyechanjiana naye udugu wa damu Aprili 1876, akamsifu sana.

Ulyankulu ya leo, iliyomo katika Wilaya ya Kaliua, ina historia nyingine iliyo karibu zaidi. Watu walioyakimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa ardhi hapa, wakafyeka msitu, wakalima. Zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa uraia wa Tanzania mwaka 2010, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti. Miaka zaidi ya arobaini! Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile alikipokea cheti chake akiwa na wajukuu. Kwa hiyo adabu ni muhimu: wasalimuni wazee, msiwapige picha bila idhini, wala msimwulize mtu kwao ni wapi. Kwao ni hapa.

Kabla ya kurudi, nunueni asali na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa. Vyatafunwa polepole kwa karanga, na watoto watanyamaza hadi Tabora. Ondokeni jua lingali juu, maana ikiwa ni masika barabara huwa na utelezi.