Zebaki Huchemka kwa Nyuzi 357

Katika miaka yangu minne ya kemia ya sekondari, hakuna jambo nililolijua kwa uhakika kuliko hili: zebaki huchemka kwa nyuzijoto 357. Nililijua kwa Kiingereza, sentensi nzima, pamoja na alama yake Hg na uzito wake wa gramu 13.6 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Ungeniamsha usiku wa manane ningeitamka bila kukosea. Nililijua nikiwa katika shule iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, katika darasa ambalo wavulana wake wengi, ikifika Jumamosi, walikwenda kwenye maduara na makarasha kutafuta fedha ya ada. Na katika darasa hilo hakuna aliyepata kusema, si mwalimu wala mwanafunzi, kwamba jiko la mkaa huipita nyuzi 357 bila shida, na kwamba kile alichokuwa akikichoma mjomba wangu juu ya kipande cha bati nyuma ya nyumba kilikuwa ndicho hicho kilichoandikwa ubaoni.

Najua mjadala wa lugha ya kufundishia umewachosha wengi, hasa ninyi mlio maofisini, ambao kila baada ya miaka michache huletewa waraka mpya juu ya jambo lile lile. Umechosha kwa sababu tunauendesha kama ugomvi wa heshima: upande huu wazalendo, upande ule wapenda maendeleo. Mimi nafundisha sosholojia, sina mamlaka ya kumsahihisha mwalimu wa kemia. Lakini nimekulia mahali ambapo watu walifanya kemia kila siku, wakailipia kwa mapafu yao, na kwa hiyo nitaomba nizungumze kuhusu kazi kabla ya kuzungumza kuhusu lugha.

Kwa msomaji ambaye hajafika Nyarugusu, Lwamgasa wala Kakola, kazi yenyewe ni hii. Jiwe hutolewa duarani, likapondwa kwa karasha mpaka likawa unga. Unga ule humwagwa pamoja na maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia au blanketi. Mchanga mwepesi huenda na maji. Dhahabu, ambayo ni nzito mara 19 kuliko maji, hunasa kwenye nyuzi za gunia. Kilichonaswa hukung'utwa katika beseni, kikamiminiwa zebaki, kikavurugwa kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu na kuuacha mchanga. Kisha mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge jeupe mfano wa fedha, ambalo karibu nusu yake bado ni zebaki. Donge hilo huwekwa motoni. "Zebaki inaondoka," husema wachimbaji, "dhahabu inabaki." Neno hilo, kuondoka, limebeba balaa lote. Inaondoka kwenda wapi?

Hebu fikiri ni mada ngapi za muhtasari wa kemia na fizikia zimo katika kazi hiyo ya nusu siku. Mjomba, aliyeishia darasa la nne, alijua ni kwa pembe gani ubao uinamishwe ili maji yasiibe dhahabu, na akiona rangi ya donge alijua kama zebaki imezidi au imepungua. Jirani yetu mmoja, mama aliyepika gongo kwa siri iliyojulikana na kijiji kizima, alijua kwamba mvuke ukipitishwa katika bomba na bomba likapoozwa kwa maji, mvuke hurudi kuwa kimiminika. Wanasayansi wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana neno lake: kukeneka. Sasa, kile kifaa ambacho wataalamu wa mazingira wamekuwa wakiwahimiza wachimbaji wakitumie, ritoti, ni kanuni ile ile ya chungu cha gongo iliyowekwa ndani ya chuma. Donge hufungiwa ndani, mvuke hutoka kwa bomba, bomba hupoozwa, zebaki hurudi katika maji na huweza kutumika tena. Nyumba ya mjomba na nyumba ya mama yule zilitenganishwa na uzio wa minyaa. Elimu iliyokosekana ilikuwa na upana wa uzio huo.

Mjomba aliiacha pamba kwa sababu ambazo kila Msukuma wa rika lake anazijua. Alikuwa Bulyanhulu mpaka wachimbaji wadogo walipoondolewa pale mwaka 1996, ndipo akahamia upande wa Geita. Miaka michache baadaye mikono yake ilianza kutetemeka. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili kama mtoto. Akawa mwepesi wa hasira, yeye aliyekuwa mcheshi wa ukoo. Wapo waliosema ni uzee, ingawa hakuwa ametimiza miaka 50. Wapo waliosema ni pombe. Wengine walimpeleka kwa mganga, na mganga, kama ilivyo desturi, akamtaja jirani. Hakuna aliyempima zebaki mwilini, kwa hiyo sitaapa kwamba ndiyo iliyomfanya vile. Ninachoweza kusema ni kwamba mvuke wa zebaki, ukivutwa, huingia katika damu kupitia mapafu, hufika kwenye ubongo na figo, na kwamba kutetemeka mikono na kubadilika tabia ni miongoni mwa dalili zake zinazojulikana kuliko zote.

Linalonisumbua ni kwamba alikuwa mwangalifu. Kabla ya kula alinawa kwa sabuni mara tatu, akiamini sumu imo katika kile kimiminika kinachong'aa. Zebaki hakumruhusu mtoto yeyote kuigusa. Lakini kwenye moto aliinama karibu kabisa, aone donge linavyogeuka kutoka weupe kuwa njano, kwa maana mvuke ule hauna rangi wala harufu, na mtu hujihadhari na kile ambacho macho au pua imemwonya. Siku moja aliniuliza, "Mpwa wangu, si mnasoma mambo haya huko shuleni? Hii dawa ikiungua inakwenda wapi?" Nikamwambia tunasoma, mjomba, lakini kwa Kizungu. Akacheka sana. "Basi labda huko Uzunguni haina madhara."

Nisieleweke kwamba shule ya msingi ilikuwa bustani kwa sababu ilitumia Kiswahili. Hapana. Tulikariri huko pia, tena kwa fimbo. "Mashine ni chombo chochote kinachorahisisha kazi," tuliimba, na walioimba nje ya mdundo waliipata. Ila nakumbuka kijana mmoja alinyoosha mkono akauliza kama ng'ombe wa kukokota jembe naye ni mashine, maana anarahisisha kazi. Darasa likagawanyika. Mwalimu akasema mashine haili. Mwingine akajibu kwamba pikipiki ya mratibu inakunywa petroli. Kengele ililia bado tunabishana. Ule ubishi, kwa maoni yangu, ndio uliokuwa somo la sayansi bora kuliko yote niliyopata katika miaka saba, na uliwezekana kwa sababu swali la mtoto na jibu la mwalimu vilikaa katika lugha moja.

Kijana huyo tulianza naye kidato cha kwanza. Simkumbuki akiuliza swali hata moja. Alikaa nyuma, akanakili ubao kwa mwandiko mzuri, na katikati ya kidato cha pili akaenda machimboni moja kwa moja. Siwezi kudai kwamba Kiingereza pekee ndicho kilichomwondoa. Ada nayo ilikuwepo, na njaa. Lakini mtoto anayebishana na mwalimu kuhusu ng'ombe hanyamazi ghafla kwa sababu ya njaa tu.

Historia ya suala hili ni ndefu na inajulikana, kwa hiyo nitaipita haraka. Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1990 iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, kazi ya jasho jingi, ambayo leo utaipata maktaba ikiwa na vumbi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Februari 2025 tukazindua Dodoma toleo la 2023 la sera hiyo hiyo. Na mtoto wa Mbogwe anaingia kidato cha kwanza kama nilivyoingia mimi.

Kati ya hapo yalikuja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo takriban watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri kabla matokeo hayajapangwa upya. Taifa lilishtuka, tume ikaundwa. Kisha ikaja kampeni ya maabara: kila shule ya kata iwe na vyumba vitatu, vya fizikia, kemia na biolojia, na muda ukasogezwa mpaka Juni 2015. Wananchi walichangishwa. Wapo waliouza mbuzi, wapo waliosomba mchanga na mawe. Sitaidharau kampeni ile. Mahali ambapo hapakuwa na chumba leo kuna chumba. Lakini nimeingia katika majengo kadhaa ya namna hiyo katika wilaya zetu na nimekuta meza za zege zisizo na bomba la maji, na katika chumba kimoja magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi yamepangwa vizuri chini ya bango lenye jedwali la elementi. Nje ya dirisha, umbali wa kutupa jiwe, karasha lilikuwa likinguruma.

Rafiki zangu watumishi wa umma huniambia kwamba Kiswahili hakina istilahi. Mchimbaji hakusubiri istilahi. Alihitaji jina la mtambo wa kuponda akasema karasha. Alihitaji jina la mchanga uliokwisha kuoshwa lakini bado una dhahabu akasema marudio. Na kitenzi chake, kuchenjua, kimeingia mpaka katika nyaraka za Tume ya Madini. Wala sikidharau Kiingereza, ambacho niliandikia shahada yangu ya uzamivu na kinaendelea kunilisha. Kifundishwe vizuri, na walimu wanaokijua, kama somo. Ninachokataa ni kukiweka mlangoni mwa kemia kama bawabu.

Jambo hili lina haraka kuliko lilivyokuwa wakati wangu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba uliobeba jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa walaji wa samaki wenye zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. STAMICO wamejenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa na Katente, na mitambo ya sayanaidi imetapakaa Geita na Kahama. Sayanaidi huyeyusha dhahabu iliyoishinda zebaki, na ndiyo maana marudio ya jana leo yana bei. Lakini tangi la sayanaidi lazima liwekwe chokaa, pH ikae juu ya 10. Ikishuka, tangi huanza kutoa gesi inayoua. Anayemwaga chokaa ile mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne. Daftari lake la kemia lina maana ya pH, kwa Kiingereza, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani sasa anafundisha kemia katika shule ya sekondari mkoani Geita. Kila mwaka, kabla ya mada ya metali, huwapa wanafunzi wa kidato cha tatu karatasi moja waandike, kwa Kiswahili na bila kutafuta alama, walichokiona kwenye uchenjuaji. Wengine huandika kurasa nne. Mwaka huu binti mmoja aliuliza: kama zebaki inayochomwa inapanda hewani, na baba anachoma upande wa jikoni, je, inashuka wapi, na mama yake mjamzito apike wapi?

Shule hiyo, kama nyingi, ina kibao kwenye ukuta wa ofisi kinachoagiza Kiingereza tu. Mwalimu alisimama, akafunga mlango wa darasa, akachora ubaoni nyumba, jiko, na upepo unaovuma kutoka ziwani. Kipindi kilikuwa cha dakika 40. Alitumia viwili.